Pula Isiyo na Skrubu

Siku binamu zangu wawili walipogawana vyombo vyao vya kubadilishia kamshafti za pikipiki, mimi ndiye niliyeshika taa. Balbu ya ghala ilikuwa imeungua, na hakuna aliyetaka kununua mpya kwa ajili ya nyumba inayovunjika. Basi nikasimama kati ya mapipa ya divai, mkono umekufa ganzi, nikiwatazama watu wazima wawili wakichambua spana kama wanaochambua maharage.

Mkubwa ni Oberdan, mdogo ni Idalgo. Wote ni watoto wa mjomba wangu Ribelle Savorani, aliyelima maisha yake yote shamba lisilo lake, kwenye vilima vya juu ya Faenza, kwa sharti la nusu kwa nusu. Nusu ya ngano ya mwenye shamba, nusu yetu. Nusu ya zabibu, nusu ya nguruwe, nusu ya mayai. Kwao husimuliwa kwamba mwaka mmoja lilizidi yai moja na msimamizi wa shamba akakataa kuliacha. Mjomba akalichemsha, akalikata katikati kwa uzi, akampa nusu yake kwenye kisahani, na chumvi juu. Mashamba yale yaliuzwa zamani na wenyewe wamekufa, lakini aliyelelewa kwa nusu hajui namna nyingine ya kutenda haki. Binamu zangu hata ile sigara yetu nene nyeusi waliikata kwa kisu, kila mtu kipande chake.

Kabla ya siku hiyo walikuwa chanda na pete. Oberdan alikuwa mkereza vyuma katika kiwanda cha pampu mjini, Idalgo aliendesha lori la maziwa. Jioni na Jumapili ungewakuta ghalani, na injini iko uchi mezani. Kwa asiyejua, kamshafti ni ule mhimili wenye vinundu ndani ya injini, unaosukuma valvu zifunguke. Kiwanda huweka iliyo pole, ili pikipiki imfae hata padri. Ukiitoa na kuweka nyingine yenye vinundu virefu zaidi, valvu zinafunguka zaidi na kukaa wazi zaidi, injini inavuta pumzi ya kweli, na pikipiki ya kuendea sokoni inapanda mlima kama imetukanwa.

Kusema ni rahisi. Kazi yenyewe inataka vyombo, na vyombo vyao walivinunua pamoja, kimoja kimoja, kwa kujinyima. Gia imebana kwenye ncha ya mhimili kiasi kwamba ukiigonga nyundo umeharibu. Inataka pula, yaani kikombe cha chuma chenye skrubu nene katikati, unakaza skrubu taratibu mpaka gia inaachia kwa mlio. Springi za valvu zina kibano chake. Halafu kuna kupima, na huko ndiko mabingwa wa baa wanakoumbuka: sahani ya chuma iliyochorwa nyuzi, yaani digrii, na mshale wake, ujue mhimili umezunguka kiasi gani, saa ndogo ya kupimia, imeshikwa na mkono wake wa chuma, ujue valvu imeshuka kiasi gani, na vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ukikosea jino la gia, valvu inakutana na kichwa cha pistoni, na hapo unachukua ufagio. Vyombo vingine vilikuwa vya mama yao, Argia. Gia ilipashwa moto kwenye oveni yake ipanuke, kamshafti ikagandishwa kwenye friza lake kando ya soseji isinyae, kisha vikaingiana bila ugomvi. Tumekula kuku wa Jumapili mwenye harufu ya oili miaka nenda miaka rudi, na hatukufa.

Idalgo alikuwa na mikono, alifungua na kufunga. Oberdan alikuwa na sikio na jicho, alipima na kuchonga. Mwenye kupanda pikipiki siku ya mbio za mlimani alikuwa Idalgo, mrefu, mzuri, meno yote yapo. Kijiji kikasema "injini ya Idalgo". Oberdan alisikia na kucheka na wenzake, wala sikuona kinyongo. Kitu alichotaka duniani ni kile kile alichokuwa nacho: mdogo wake upande wa pili wa meza.

Kisha Idalgo akaoa. Mafalda wa Imola si mtu mbaya, nalisema hili mimi niliyemsema vibaya kwa muda mrefu. Hakutaka gia kwenye oveni anayookea keki, basi. Argia alipofariki, Mafalda akataka mlango wake mwenyewe, Imola kwao, bondeni. Kwa gari hata saa moja haifiki. Lakini sisi wa vilimani mtu akihamia Imola tunamlilia kama amepanda meli ya Amerika.

Wakagawana. Kwetu sheria ni moja: mmoja agawe, mwingine achague, ili anayegawa asijipendelee. Oberdan kama mkubwa aligawa. Nyumba upande huu, shamba la mizabibu upande ule, vyote walivyonunua wenyewe mashamba yale yalipouzwa. Idalgo akachagua mizabibu na kuiuza, bila neno. Pikipiki ya baba yao huku, gari kule, akachagua gari. Mambo yote yalikwenda kwa amani mpaka nikaanza kuona aibu kwamba nilikuja na leso. Ndipo tukashuka ghalani kwenye vyombo.

Oberdan alitandika magunia mawili mezani. Akachukua pula, akaizungusha skrubu mpaka ikatoka yote, akaweka kikombe gunia la kushoto na skrubu gunia la kulia.

"Kaka, unafanya nini?" Idalgo akauliza.

"Nagawa."

Akachukua ile saa ya kupimia: saa kushoto, mkono wake kulia. Sahani ya nyuzi kushoto, mshale kulia. Kibano cha springi akakifungua pini, fremu huku, uma kule. Hata vile vibati vya kupimia nafasi alifungua kijibolti chao, akavihesabu kimoja kimoja, hiki huku, hiki kule.

"Kaka, acha mzaha."

"Nusu kwa nusu. Kama baba."

"Baba aligawa mayai! Pula ikigawanywa si pula tena, ni vyuma chakavu!"

"Chagua."

Idalgo alinitazama mimi, kana kwamba mwenye taa anajua zaidi. Sikujua. Nilidhani Oberdan amerukwa na akili kwa uchungu. Idalgo akakwapua gunia la kulia bila kuangalia lina nini, likagongagonga ngazini alipokuwa akipanda, na gari likaondoka.

"Sasa umefanya nini, mwanamume wewe?" nikamuuliza Oberdan. "Umemfukuza na nusu ya skrubu zako."

Alikuwa ametulia, uso umekunjuka. "Atarudi, Norina. Idalgo hawezi kukaa mwezi bila kushika injini. Siku atakayotaka kuvuta gia, atakosa kikombe. Atapanda huku, atagonga mlango. Nami nina kikombe. Tutakuwa na pula."

"Kumbe ndiyo maana?"

"Ningempa vyote, angekwenda navyo. Ningebaki navyo vyote, angesema nimemnyima. Hivi hakuna anayeweza kufanya kazi bila mwenzake."

"Si ungemwambia tu kwamba hutaki aende?"

Akanitazama kama nimetukana. "Mambo hayo hayasemwi."

"Mficha uchi hazai, Oberdan."

"Inua taa, niokote vibati."

Ndivyo alivyomfunga mdogo wake kamba, kwa upendo, na akasahau kumwonyesha kamba yenyewe.

Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Wenye pikipiki waliendelea kuja kwa Oberdan na kamshafti zao wamezifunga kwenye magazeti. Aliwapokea, akawapa kiti na glasi ya divai, akazisifu, kisha akawaambia, "Vyombo vyangu havijakamilika." Wakaenda kwingine. Wazia: mtu huyu kiwandani kutwa alikereza skrubu za pampu. Skrubu ya pula angeikereza saa ya chakula cha mchana, mkono mmoja umeshika mkate. Mshale wa sahani angeukata kwenye kopo la nyanya. Nilimwambia. Germano, fundi wa matrekta, alimwambia pia, kwa namna yake, mbele ya watu wote wa klabu ya kijiji, ninakopika.

"Mzee Oberdan, hiyo pula yako imekuwa mjane. Hebu iozeshe tena!"

"Ina mume," Oberdan akajibu. "Yuko safarini."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini walielewa. Kwa fikra zake, atakayenunua au kuchonga ile nusu iliyokosekana atakuwa ametangaza kwamba ndugu yake amekufa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila kijijini sote tuliijua, na kwa kuwa sote tuliijua tukadhani inajulikana mpaka Imola.

Idalgo alikuja, usidhani hakuja. Alikuja kwenye mazishi, maana sisi hatuna sherehe nyingine siku hizi. Alipofariki mama yangu, Oberdan alifagia ghala tangu asubuhi, akapangusa meza, akaweka balbu mpya. Nilimwona kanisani akichungulia viatu vya mdogo wake, kama vimeelekea juu ghalani au chini Imola. Tulipotoka makaburini Idalgo alikunywa kahawa jikoni kwangu, akaniuliza habari za magoti yangu, akamsalimu kaka yake mlangoni.

"Habari za huko?"

"Salama. Na nyinyi?"

"Salama."

Gari likashuka. Oberdan akabaki dirishani mpaka kahawa yake ikawa ya baridi, kisha akaenda nyumbani kuzima ile taa ya ghalani. Nilitaka kumpiga kwa sufuria. Nilitaka kuwapiga wote wawili.

Sijui kwa nini watu husema muda huponya. Oberdan muda ulimla. Alistaafu kiwandani, akawa mtu wa kukaa. Bega likashuka. Vidole ambavyo viliweza kuhisi unene wa karatasi vikawa vya kushika karata. Pikipiki ya baba yake ilikaa chini ya shuka na kamshafti yake ya padri tumboni, na rafuni, ndani ya karatasi yenye oili, ilikaa ile kamshafti mpya ambayo wao wawili waliichonga msimu wao wa mwisho pamoja, kwa ajili ya pikipiki hiyo hiyo. Haikuwahi kuzunguka hata mara moja. Kila nilipompelekea chakula niliiona pale juu na hamu ya kula ikanitoka mimi.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulilima mpaka mpini ukatuchubua.

Mwaka juzi manispaa ikarudisha mbio za mlimani. Si mbio hasa, ni wazee na pikipiki zao za zamani wakipanda kona zile zile, bendi inapiga, na mimi nauza mkate wetu wa piada wenye soseji. Tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa klabu, Oberdan alilisoma mpaka nikamuuliza kama ameandikwa jina. Akanivuta pembeni.

"Mpigie simu Mafalda. Sema tu kwamba mbio zimerudi."

"Mpigie mwenyewe mdogo wako."

"Norina."

Nilipiga. Mafalda akasema atamwambia, na kwamba Idalgo amestaafu lori na anamsumbua ndani ya nyumba. Nilimfikishia Oberdan, naye usingizi ukaisha. Alivua shuka kwenye pikipiki, akamwaga oili ya zamani, akafungua kifuniko cha pembeni, gia ikaonekana. Hapo akasimama. Germano akaja na pula yake mwenyewe, kubwa, ya kuvutia hata gia ya trekta.

"Ichukue, mzee. Si zawadi, naazima tu. Unavuta gia, unanirudishia."

"Asante, Germano. Skrubu inakuja."

"Inakuja na treni gani? Tumeisubiri tangu serikali zilizokwisha kuanguka!"

"Inakuja," Oberdan akasema, na nikaona anaamini, masikini, uso wake ulikuwa wa kijana anayesubiri barua.

Siku yenyewe alivaa koti. Nilikuwa kwenye kibanda changu, karibu na pale pikipiki zinapopangwa kabla ya kupanda, na yeye amekaa kwenye kreti langu la divai, mikono magotini. Idalgo akaja. Nywele nyeupe, bado mrefu, anavuta nyuma ya gari kitoroli, na juu yake pikipiki ndogo nyekundu. Alitupungia mkono kwa furaha kabisa. Oberdan akasimama. Nilidhani atakwenda kumkumbatia.

Kisha Idalgo akaiwasha ile pikipiki ili ipate moto.

Mimi nilisikia kelele tu. Oberdan alisikia kingine. Kichwa kiliinama upande mmoja kama zamani, na rangi ikamtoka usoni.

"Isikilize," akaniambia.

"Nasikia. Ina nini?"

"Inachechemea ikiwa imesimama. Valvu zinakaa wazi muda mrefu. Hiyo kamshafti si ya kiwandani." Idalgo akaipandisha moto, na ule mlio ukanyooka. "Na imepangwa vizuri. Vizuri sana."

Idalgo alikuja akifuta mikono kwa kitambaa. "Kaka! Umezeeka! Norina, huyu unamlisha nini?"

"Nani amekubadilishia kamshafti?" Oberdan akauliza. Hata salamu hakujibu.

"Ah, umesikia!" Idalgo akachanua. "Nilijua utasikia, nilimwambia Mafalda, kaka atasikia kabla sijaishusha kitorolini. Mwenyewe! Nyumbani, gereji pale. Hii ni ya ngapi sijui. Nawafanyia na majirani."

"Uliivuta gia kwa chombo gani?"

"Kwa pula, kwa nini tena? Kwa meno?"

"Pula gani?"

"Yangu. Nilinunua Bologna. Pula, saa, sahani, kibano, seti nzima, iko kwenye sanduku lake."

"Lini?"

Idalgo akakuna shingo. "Zamani, kaka. Wiki ile ile niliyohama, nafikiri. Jumamosi yake. Ungetaka nipande mlima kila nikitaka kikombe? Nisingekusumbua hivyo."

Wiki ile ile. Hesabu mwenyewe, mimi sitahesabu. Miaka yote ile Oberdan aliyokaa na kikombe chake cha chuma, akiwarudisha watu mlangoni, akizeesha vidole, akifagia ghala kila kukiwa na maiti, kamba aliyoshika upande wa pili ilikwisha kukatwa Jumamosi ya kwanza. Na aliyekata hakujua kama kuna kamba.

Oberdan aliinua mkono, nikadhani anapiga, kumbe anarekebisha kola ya mdogo wake. "Imepangwa vizuri," akarudia. Akachukua kofia yake kwenye kreti, akapanda njia ya nyumbani. Bendi ilikuwa inapiga, na watu wakampisha bila kumtazama.

"Ana nini?" Idalgo akaniuliza. "Nimesema nini?"

Hapo ndipo nilipopasuka, mbele ya wateja, kijiko cha soseji mkononi. "Pumbavu wewe! Aligawa vile ili urudi! Skrubu kwako, kikombe kwake, usiweze kufanya kazi bila kugonga mlango wake! Amekusubiri mpaka ameharibika! Hakununua hata mshale wa bati!"

"Nani?"

"Kaka yako!"

Alikaa kwenye kreti lile lile. Kisha akasema polepole, "Norina, yule ni mkereza. Kila kitu kwenye gunia langu angeweza kujitengenezea mchana mmoja. Mimi dereva wa maziwa, ningetengeneza nini? Niliona waziwazi: yeye atakamilisha vyake, mimi nibaki na takataka. Nilimwambia Mafalda njia nzima, kaka yangu hataki nishike injini tena maisha yangu, kwa sababu ya kijiji kusema injini ya Idalgo. Nilinunua ile seti nikilia. Kweli, nililia dukani, mwenye duka akanipunguzia bei."

"Na hukuuliza?"

"Na yeye hakusema!"

Wote wawili walikuwa na haki, nusu kwa nusu. Nilitamani mjomba Ribelle afufuke awacharaze.

"Ile skrubu uliitupa?" nikauliza.

"Niitupe vipi? Zote zipo, kwenye kabati la viatu. Mafalda kila mwaka anauliza ni za nini." Akajifuta macho kwa kitambaa cha oili, akabaki na alama nyeusi. "Nitamletea. Jumapili ijayo nitamletea, tuitoe ile gia ya baba pamoja. Usimwambie."

Sikumwambia. Mara moja katika maisha yangu nimefunga mdomo, na angalia nilivyochagua siku.

Jumatatu asubuhi Oberdan alimwomba Germano ampeleke Faenza. Germano ndiye aliyenisimulia, na hakuwa na utani siku hiyo. Oberdan aliingia duka la vifaa, akasema, "Nataka seti kamili ya kubadilishia kamshafti." Muuzaji akataka kumwonyesha ya bei nafuu, isiyo na saa. "Kamili," Oberdan akasema. "Mimi nafanya kazi peke yangu." Akalipa, akabeba sanduku jekundu la plastiki mapajani njia nzima, bila kulifungua.

Nilipopanda Jumapili na bakuli la tambi za kwenye mchuzi, nilimkuta ghalani. Alikuwa amekwisha kuvuta gia. Kamshafti ya padri ilikuwa sakafuni, ile mpya imetoka kwenye karatasi yake na iko ndani ya injini, sahani ya nyuzi imefungwa kwenye mhimili, ina mshale wake mpya unaong'aa. Silinda ilikuwa bado wazi juu. Alikuwa akizungusha, akisoma saa, akizungusha, mikono haitetemeki hata kidogo. Kikombe cha pula ya zamani hakikuwa mezani, wala ndoanoni kilipokaa siku zote. Nilitaka kusema subiri, subiri hadi mchana tu. Nikasikia gari.

Idalgo alishuka ngazi akiwa na lile gunia, lile lile. Alikuwa amenyoa na kuvaa ovaroli. Akasimama kizingitini, jua likiwa mgongoni mwake.

"Kaka."

Oberdan hakuinua jicho kwenye saa. "Una injini?"

"Injini? Hapana. Nimeleta... Kaka, Norina ameniambia. Sikujua. Naapa kwa kaburi la mama, sikujua."

"Nauliza una injini ya kutengeneza. Nimeanza kupokea kazi."

"Nimekuja mimi. Mdogo wako."

Oberdan aliandika kipimo kwa chaki mezani. Akafuta vidole kimoja kimoja. Nilimwona Idalgo akilitazama lile sanduku jekundu, limefunguliwa, kila chombo kwenye kitako chake, kizima, na hakuna nafasi iliyobaki wazi.

"Mlisikilizana vizuri wewe na duka la Bologna," Oberdan akasema. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kwa hasira. "Hukukosea. Mtu akitaka kufanya kazi anakuwa na vyake. Mimi ndiye niliyechelewa kujifunza. Kama huna injini, bwana, niwie radhi, nina kipimo hapa."

Alimwita bwana. Mtoto aliyembeba mgongoni kuvuka mto akienda shule.

Idalgo aliweka gunia chini, kwa uangalifu, kana kwamba ndani yake kuna yai. Alisubiri. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli, linaniunguza, na nilimwangalia Oberdan kwa macho yote niliyopewa na Mungu, nikimwambia sema, sema sasa, neno moja. Alikuwa akisoma saa. Hatua zikapanda ngazi, polepole, zikasimama juu, kisha zikaendelea. Gari halikuwaka upesi.

"Oberdan," nikasema. "Mkimbilie. Bado yupo."

"Norina," akasema, "funga mlango. Vumbi linaingia kwenye silinda."

Nikaweka bakuli mezani, nikalisogeza lile gunia kwa mguu, nikafunga.